Sura ya Mama Nyuma ya Kioo

Mtu akienda kwenye maonyesho ya picha, husifu mchoraji, husifu mwenye jumba, na hata soda ikiwa baridi nayo husifiwa. Fremu haisifiwi. Fremu husemwa siku ikianguka. Mwanamke mmoja, fundi wa fremu, alilijua hilo tangu ujana, na halikumkosesha usingizi. Watu walimwita Kona, kwa sababu pembe za fremu zake zilikutana sawasawa hata wembe usipite katikati. Aliitikia jina hilo kama alilopewa na wazazi.

Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha jumba la sanaa, au galari kama wenyewe walivyopenda kuliita, karibu na bahari kiasi kwamba upepo wa chumvi uliingia bila kubisha hodi. Misumari ya chuma hakuitumia kabisa. Pale msumari wa chuma ulishika kutu kabla mnunuzi hajazoea picha yake, kwa hiyo alipiga ya shaba. Benchi lake lilijaa vumbi la mbao na vikopo vya gundi, na chini ya kidevu chake lilikuwapo kovu jembamba, alama ya kipande cha kioo kilichomrukia alipokuwa bado anajifunza kazi.

Mchoraji aliyempa kazi nyingi zaidi alikuwa kaka yake mkubwa, mtoto wa mama yake. Huyo aliitwa Bado. Ukimwuliza kama picha imekwisha, jibu lilikuwa hilo hilo: bado. Picha ikishauzwa, ikishafungwa karatasi, yeye yuko nyuma yake na brashi, anataka kuongeza mguso mmoja tu. Siku moja alimkimbilia mnunuzi hadi kituo cha basi, akamfungulia mzigo mbele za watu, akatia nukta ya njano kwenye paa la nyumba, akarudi zake ametulia. Mnunuzi aliondoka na picha mbichi na shati lenye doa. Kuoa hakuoa. Watu walisema mke gani angekubali kuambiwa "bado" maisha yake yote.

Alichora mafundi viatu, wauza mitumba, walimu wastaafu, na paka wa jirani mara tatu. Dada yake, aliyezipigia fremu zote hizo, hakumchora hata kidole.

"Kaka, mimi utanichora lini?" Kona alikuwa akimtania.

"Bado," Bado alikuwa akijibu. "Wewe upo tu. Wanaoondoka ndio wa kuwahi."

Na kweli aliyeondoka aliwahiwa. Bado alipokuwa kijana alimchora mama yao amekaa dirishani na sindano mkononi, anashona kifungo cha shati. Mama alikuwa na mwanya, na kwenye picha ile alikuwa anajizuia kucheka, midomo imeachana kidogo, mwanya unachungulia. Haukupita muda mrefu akafariki, Kona akiwa bado shuleni. Picha za kamera zilizokuwa sandukuni zililowa paa lilipovuja, zikagandana zikawa bamba moja. Sura ya mama ikabaki pale tu, kwenye ukuta wa sebule, tena bila fremu. Mganga hajigangi. Kona alipofiwa na mume, na wanawe walipohamia mbali, aliitazama picha ile asubuhi kabla ya kwenda kazini. Akiuona ule mwanya, siku ilikuwa inabebeka.

Uzeeni akili ya Bado ilianza kumchenga. Alisahau sufuria jikoni, kisha akasahau njia ya kurudi nyumbani, na Kona akamchukua akae naye. Tangu hapo asubuhi zake zilijaa uji na vifungo vya kaka, akawa anapita mbele ya picha ya mama bila kuinua macho. Akaanza kumwita dada yake "mama". Kona hakushtuka. Nusu ya mji ilimwita mama, na kaka kukulainikia uzeeni si jambo la kulalamikia.

Ndipo mwenye galari, mwanamke mpole aliyevaa shanga kubwa kubwa, alipopata wazo la kufanya maonyesho ya kazi zote za Bado. Picha ya mama, alisema, itatangulia mlangoni. Kona akafurahi. Akaishusha ukutani aipime, apate hatimaye kuifanyia fremu, akaipeleka dirishani kwenye mwanga.

Mwanya haukuwapo.

Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Meno ya mama yalikuwa yamepangana, na kwenye nywele kulikuwa na mvi ambazo mama hakuwahi kuishi hadi kuziona.

"Kaka! Mwanya uko wapi?"

"Mwanya gani?"

"Mwanya wa mama! Umeufanya nini?"

Bado aliitazama picha, kisha akamtazama yeye mdomoni, kwa makini, kama alivyozoea kumtazama mtu aliyemkalisha kitini. "Mama hana mwanya," akasema. "Nilikosea zamani. Nimesahihisha."

Kona alikimbia na picha hadi galari. Mwenye galari akaiweka chini ya taa, akagusa mdomo wa mama kwa pamba yenye tapentaini, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akaitazama pamba.

"Rangi imeshakauka," akasema. "Na chini nahisi alikwangua kwanza. Ukitoa ya juu, hakuna kitu, dada yangu."

Maji yakishamwagika hayazoleki. Kona akafanya yale ambayo yeyote angeyafanya. Alificha brashi, Bado akachorea njiti ya kiberiti. Alificha rangi, akaibua kopo lililosahaulika chini ya kitanda. Alimnunulia turubai jipya la kuchorea, akamkalisha mbele yake. Bado alilitazama hadi chakula cha mchana, mikono mapajani.

"Hii haina mama," akasema, akaanza kulia.

Kona akamrudishia brashi.

Likabaki kioo. Na hapo lazima niseme, maana wasiojua watamlaumu: Kona alijua fika kwamba picha ya rangi za mafuta haifungiwi kioo, hasa pwani. Inataka hewa. Ukiifungia, unyevu unajikusanya ndani na ukungu unaanza. Alikuwa amewafukuza wateja wangapi kwa jambo hilo hilo! Lakini heri nusu shari kuliko shari kamili. Alitengeneza fremu nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, akaweka vijiti vyembamba ndani ili kioo kisigusane na rangi, akamfungia mama yake.

Siku ya kwanza Bado aligonga kioo kwa ukucha. Akafikiri. Kisha akachovya brashi na kuchora juu ya kioo, bila wasiwasi wowote. Kona alicheka hadi akakaa chini. Jioni akachukua kitambaa na tapentaini akafuta, na mama akatokea nyuma ya kioo, macho yale yale. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba: mmoja anachora, mwingine anafuta, kisha wote wawili wanakunywa chai.

Siku ya maonyesho galari ilijaa. Wachongaji walikuja, wafumaji wa vikapu, na mfinyanzi mmoja mwenye sauti nene, rafiki wa Kona wa miaka mingi, ambaye udongo haukutoka kwenye kucha zake hata kwa sherehe. Bado alivalishwa koti. Watu walikuwa wakimpa mkono, naye anaitikia kila mtu "marahaba", wakubwa kwa wadogo. Kisha akaiona picha ya mama. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa brashi na kichupa cha rangi.

Mwenye galari alitaka kumzuia. "Mwacheni," Kona akasema, "ni kioo tu, nitafuta." Watu wakacheka kwa upendo, wakamfanyia nafasi. Bado akachora. Akageuka akamtazama Kona. Akachora. Akageuka tena.

"Mama, tulia basi," akasema. "Unatingisha kichwa."

Vicheko vikapungua. Mfinyanzi akasogea karibu na kioo, akainama, akarudi pale alipo Kona, akamshika kiwiko.

"Mwenzangu," akanong'ona, na mnong'ono wake ulisikika hadi mlangoni, "huyu hamchori mama yenu. Anakuchora wewe. Tazama kidevuni."

Kwenye kioo, chini ya kidevu cha mama, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi nyeupe. Kovu lake.

Kona alisimama pale na watu wote wakimtazama, na hakuthubutu kutingisha kichwa. Sasa kila kitu kilijipanga chenyewe, mvi, meno, na lile jina la mama alilolipokea bila kuuliza. Kaka yake hakuwa anaiharibu picha. Alikuwa na mama yake ndani ya nyumba, anampikia, anamfunga vifungo, na picha ukutani haikufanana naye. Mchoraji gani angevumilia? Kila bakuli la uji alilompelekea, kila alipomwinamia kumvalisha viatu, alikuwa anampa kitu kingine cha kusahihisha. Ingekuwa uovu, angepigana nao. Lakini ulikuwa ni uangalizi wa Kona mwenyewe.

Walirudi nyumbani na picha. Kwa siku kadhaa Kona alijaribu kumkwepa, anaacha chakula mezani na kutoka. Bado alizunguka nyumba nzima akiita "Mama! Mama!" hadi majirani wakaja kuuliza kulikoni. Kona akatoka jikoni alikojificha. "Niko hapa," akasema. Angesema nini kingine?

Akaendelea kufuta kioo. Sasa alijua anajifuta yeye, na alianza na kovu.

Kisha ukungu ukaja, kama alivyojua utakuja. Madoa meupe yalianzia begani kwa mama, yakapanda kuelekea shingoni. Dawa yake ni moja tu, hewa. Basi kila alasiri, Bado akilala, Kona aliifungua fremu, akatoa kioo, akaiegemeza picha kwenye kiti karibu na dirisha. Yeye alikaa mlangoni, mlinzi wa mama yake. Kaka akikohoa tu, kioo kinarudi.

Alasiri moja mwenye galari alituma mtu: picha kubwa ya rangi za maji imeanguka ukutani, kioo vipande vipande, na wageni wako njiani. Fremu husemwa siku ikianguka. Kona alinyakua mfuko wake wa vifaa akatoka mbio. Alikuwa ameshapima kioo kipya, ameshaweka rula, kikata kioo kiko mkononi, ndipo alipokumbuka kiti cha dirishani. Kikata kioo kilimponyoka. Hakuaga mtu.

Alimkuta Bado amekaa sakafuni mbele ya picha, miguu ameinyoosha. Brashi ilikuwa imeshaoshwa na kulazwa juu ya kitambaa. Kando yake palikuwa na kisu cha kukwangulia rangi, na sakafuni unga na magamba ya rangi kuukuu.

Kona aliitazama picha. Dirisha lilikuwapo, na shati, na sindano. Aliyeshika sindano alikuwa yeye. Kovu lilikuwapo, na miwani yenye uzi, na ule uchovu chini ya macho ambao alidhani anauficha. Alitafuta macho ya mama yake, akatafuta mdomo, akatafuta popote. Hapakuwa na kitu. Na picha ilikuwa nzuri, ndilo lililomvunja zaidi. Hakuna alichokuwa amekichora Bado maisha yake yote kilichoifikia.

Alitaka kupiga kelele. Alimtazama kaka yake, uso uliotulia kama wa mtoto aliyeshiba.

"Imekwisha," Bado akasema.

Neno hilo Kona hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Imekwisha, mama. Sasa umetokea. Samahani, nimemwaga uchafu."

"Haina neno," Kona akasema. Alipiga magoti, akaanza kuyakusanya magamba ya rangi kwa kiganja, kidogo kidogo, akiyaweka juu ya karatasi. Mengine yalikuwa madogo mno, yalibaki kwenye nyufa za sakafu.

"Mwite dada yangu aje aipigie fremu," Bado akasema. "Mbona haji siku hizi? Au amekasirika?"

"Hajakasirika. Ana kazi nyingi."

"Alikuwa ananiuliza kila siku nitamchora lini, nami namwambia bado." Akacheka peke yake, akaegemea kiti na kufumba macho. "Mwambie nikishapumzika, anayefuata ni yeye."

"Nitamwambia," Kona akasema, akaikunja ile karatasi, akaenda kutafuta futi yake ya kupimia.