Aliyeugua Hakuonja Nyama

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ambayo naikumbuka vizuri kuliko ninavyoielewa. Jana ulinipigia simu kutoka Mgololo kunieleza kwamba wewe na wenzako wa kazini mmepata kibali cha kuwinda, na sauti yako ilijaa furaha kiasi kwamba sikuwa na moyo wa kuikatiza. Ndiyo maana nakuandikia. Najua umri wangu bado haujanipa mvi za kutolea nasaha. Hata hivyo mimi ni shangazi yako, na katika ukoo wetu dada wa baba huhesabiwa kuwa baba. Basi niruhusu nikuite mwanangu, nawe unisikilize kama unavyowasikiliza waliozeeka.

Wakati ule nilikuwa nasoma chuo Mbeya, nimepanga chumba mtaa wa Soweto, na likizo nilikuwa nikija Iringa kwenu. Baba yako, ambaye bado aliendesha malori ya masafa, alikuwa amepata kibali cha swala mmoja. Jumamosi hiyo akanichukua mimi na jirani yetu Salumu, fundi wa makochi, Msangu mcheshi ambaye wewe ulimwita babu ingawa hakuwa na umri huo. Sababu ya kumchukua Salumu unaijua: nyama itakayogawanywa kwa majirani huchinjwa na Mwislamu, ili asiwepo atakayelazimika kurudisha sahani. Salumu mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa jongo na daktari alikuwa amemkataza nyama nyekundu.

"Mimi kazi yangu kuchinja tu," alisema garini tulipokuwa tukiteremka kutoka milimani kwenda nyikani. "Kula mtakula nyinyi. Mimi nitanusa."

"Nusa kwa kiasi, Salumu," baba yako akamjibu. "Usije ukaamka na mguu umevimba kwa harufu."

Tulimkuta swala amesimama peke yake, mbali na kundi, kichwa amekiinamisha. Hakukimbia. Baba yako alinong'ona kwamba siku hiyo tulikuwa tumepewa, hatukutafuta. Risasi ilipolia mnyama akaanguka, na Salumu akakimbia na kisu chake, akasoma dua, akachinja. Kisha akainuka, akatupungia mkono wenye damu na kupaza sauti: "Kisu kimewahi!"

Neno hilo lilitutosha, mwanangu. Kwetu mnyama huwa mmoja kati ya wawili: ama ni kibudu, amekufa mwenyewe, na hakuna atakayemgusa, ama kisu kimemwahi, na hapo maswali yote huisha. Sikujua, na sidhani kama mmoja wetu alijua, kwamba kisu kinaweza kumwahi mnyama ambaye ugonjwa umekwisha kumwahi kabla yake.

Damu ilitoka nyeusi na haikutaka kuganda. Nilimwuliza baba yako kwa nini inaendelea kutiririka vile. "Kwa joto hili," akasema, "hata wewe usingeganda." Wakacheka wote wawili. Salumu akaniita, "Chuo! Njoo ushike mguu huu. Huku hakuna mtihani wa kuandika." Niliushika mguu nikiwa nimeufunga kwa kanga yangu, na nilifanya hivyo kwa kinyaa, si kwa hekima. Yeye alichuna kwa mikono mitupu. Vidole vya fundi wa makochi havikosi mikwaruzo ya misumari, na vyake siku ile vilikuwa na mikwaruzo mibichi. Alipomaliza alijifuta kwa majani, tukapakia nyama, tukarudi.

Kilichofuata ndicho kilichonivuruga akili. Nyama iligawanywa, ikachemshwa muda mrefu kama ilivyo kawaida ya nyama ya porini, ikaliwa nyumba kadhaa, na waliokula wakaamka wazima. Salumu, ambaye hakuonja hata mchuzi, akaota kipele kwenye kidole gumba. Kikawasha, kikawa lengelenge, kisha kikapasuka na kuacha kidonda chenye ukoko mweusi kama mkaa. Na hakikuuma! Aliwaonyesha watu kwa kukibonyeza, akisema, "Tazameni, hakiumi," na kwa kuwa hakikuuma aliendelea kupiga misumari. Sisi sote tulifundishwa tangu utoto kuogopa kinachouma. Nani alitufundisha kuogopa kisichouma?

Mkono ulipovimba hadi kwenye kiwiko na homa ikamlaza, mke wake alikuja kwetu. Alisimama mlangoni bila kukaa.

"Shemeji," alimwambia baba yako, "mlimpeleka wapi mume wangu?"

"Shemeji yangu, kama ni ile nyama, tumeila sisi," baba yako akasema, na alisema kwa unyoofu. "Ingekuwa nyama, tungelala sisi. Yeye hakula."

Hoja hiyo ilinishinda. Niliipindua kichwani kila upande na sikuona ufa. Majirani nao waliiona, wakaifikisha mahali pengine: kama walioila nyama ni wazima na asiyekula anakufa, basi huyo amerogwa. Ndugu zake wa Usangu wakapiga simu wakitaka arudishwe kwa mganga wao. Mimi nilisema aende hospitali. Waliponiuliza kwa nini, nilirudia tu neno hospitali, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, mpaka mke wake akanitazama, akaenda kumvalisha mumewe shati. Hata leo sijui kama nilimshawishi au kama kelele zangu zilimchosha.

Hospitali tulipokewa na daktari mmoja, mama mtu mzima. Kabla hajauliza lolote baba yako aliwahi kueleza: "Daktari, huyu hakula nyama."

Yule mama alikitazama kile kidonda cheusi kwa muda. "Sijauliza nani amekula," akasema. "Nani alichuna?"

"Mimi," Salumu akajibu kwa sauti iliyokauka.

"Na damu iliganda?"

Nilitikisa kichwa, naye akajua. "Kibudu mnakikimbia," alituambia. "Lakini mnyama aliyekwisha kuugua mnamkimbilia na kisu, na mkimwahi mnasema ni msafi. Usafi wa dini ni wa Mungu, mimi siugusi. Hiki ni kimeta, ugonjwa wa wanyama unaowapata na watu. Kimeta hakiulizi kama dua imesomwa. Kinatafuta mkwaruzo tu, na mkiendelea kulinda mdomo peke yake kitaingia kwa mkono."

Salumu alilazwa kwa majuma kadhaa. Kwa siku kadhaa za mwanzo hakuna aliyethubutu kumwahidi mke wake chochote. Sisi tulioshika na kula tulipewa dawa za kujikinga, na nyama iliyobaki ikachomwa na kufukiwa mbele ya afisa mifugo. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini kidole gumba hakikunjiki tena, na nyundo alijifunza upya kuishika kwa mkono wa kushoto.

Nilimwuliza daktari kwa nini walioila nyama walisalimika. Alisema huenda moto mrefu uliwasaidia, huenda ilikuwa bahati, na kwamba nisije nikaigeuza bahati ya watu kuwa kanuni. Kwa nini mimi sikuugua? Labda kanga, labda ngozi yangu ilikuwa nzima. Sijui, mwanangu, na sitajifanya najua.

Ninachokijua ni hiki. Mnyama aliyejitenga, anayepepesuka, au asiyekukimbia, mwache. Ukimkuta amekufa au amevimba, au damu inamtoka puani na mdomoni, usimfungue hata kama wenzako watakuita mwoga. Toa taarifa kwa maafisa wa wanyamapori au wa mifugo, maana kumpasua ni kuumwaga ugonjwa ardhini. Hata yule aliyeonekana mzima usimshike kwa mikono mitupu. Nunua glavu za mpira kabla hamjaondoka, ziba kila mkwaruzo, teremsha mikono ya shati, na uchune taratibu usije ukautoboa utumbo au kidole chako. Usivute sigara wala kujifuta uso kazi ikiendelea, na usikubali kuonja ini bichi eti kwa sababu ni desturi ya wawindaji. Beba maji na sabuni, majani hayaoshi. Osha visu, pika nyama iive hadi ndani. Na ukiona kipele au homa baadaye, nenda hospitali mapema, na usisubiri kuulizwa: sema mwenyewe kwamba ulishika mnyama wa porini.

Wenzako watakutania kwa glavu zako. Waache wacheke, kisha wape jozi nyingine uliyowabebea.

Nenda salama, mwanangu. Mungu ayafungue macho yako mbele ya kinachoonekana chepesi mno, akulindie ngozi yako na damu yako, na akurudishe kwetu na mikono yako yote miwili, vidole vyote vikikunjika.