Riwaya Mbili, na Mama Amelazwa

Wiki jana nilisimama katika duka la vitabu mjini Nyeri, riwaya moja mkono huu, nyingine mkono ule, nikashindwa kuchagua. Jumatatu nafanyiwa upasuaji, na nilitaka kitu cha kusoma wodini. Moja ni ya mtawa anayemtafuta Mungu jangwani. Nyingine ni ya mzee anayejiuliza kama maisha yana maana yoyote. Uoga ukanishika, na huo niliujua. Nao tulikutana zamani, kule kijijini Wamagana, kwa nyanya yangu, Cucu.

Mwaka ule mama alikuwa amelazwa, nami nikapelekwa kwa Cucu likizo nzima ya Agosti. Kama umekulia upande wetu unaijua Agosti: ukungu mpaka saa tano, nguo zinakataa kukauka, moshi wa kuni mbichi unakutoa machozi. Kazi yangu ilikuwa kuchambua maharagwe ya mbegu na kutouliza habari za hospitali. Mhindi mmoja mjini, aliyeuza vitambaa na kuazimisha riwaya kuukuu, alinihurumia nilipokwama kati ya mbili. "Peleka yote mbili," alisema. "Moja soma, ingine rudisha Jumamosi."

Sasa, kwa Cucu hakuna kitu kilichotumiwa kabla ya kuombewa. Kila Alhamisi akina mama wa ushirika wa maombi walikuja. Mbegu, jembe jipya, hata kuku aliyenunuliwa sokoni, vyote viliwekwa katikati ya sebule, wakaviwekea mikono. Vitabu vyangu navyo vilitakiwa hapo, na lazima useme vinahusu nini.

Niliogopa, jamani. Kimoja kilikuwa cha mwanamke anayeongea na malaika. Hicho hakikuwa na shida. Cha pili kilikuwa cha baba aliyefiwa na mtoto, anamuuliza Mungu kwa nini, na katika kurasa nilizochungulia hakuna aliyemjibu. Hicho ndicho nilichokitaka. Lakini niliamini kabisa kwamba nikikichagua, Mungu atasikia, na hasira zake atazimalizia kwa mama.

Jirani aliyeongoza ushirika alikisifu kile cha malaika, kisha akainua kile kingine. "Na hii ni ya nini?" Nikasema ukweli, kwa sababu kudanganya mbele ya maombi kulinitisha zaidi. Jirani akakiweka kando, mbali na mbegu.

Cucu hakuwahi kuingia darasani. Aliinama, akakiokota, akakirudisha kati ya maharagwe. "Muombee hii pia," alisema. "Hata mimi niko na hiyo swali." Alisema hivyo akiangalia juu darini, kama mtu anayeogopa kusikika. Mpaka siku hiyo nilidhani watu waliookoka hawaogopi.

Basi kile cha malaika kikarudi dukani. Kila alasiri nilimsomea hicho kingine nikimfasiria kwa Kikuyu, yeye akipukuchua mahindi. Akishindwa kuvumilia ananikatiza: "Ati bado hajajibiwa?"

"Bado, Cucu."

"Haya, songa mbele."

Githeri, yale mahindi na maharagwe ya jioni, ilituungulia mara nyingi hiyo Agosti.

Mama alifariki kabla hatujafika mwisho. Wageni wa mazishi walipoondoka nilikisukuma kitabu chini ya gunia, nikiwa na hakika kwamba mimi ndiye niliyemuua. Cucu alikitafuta mwenyewe, akakipangusa vumbi kwa leso yake, akanipa. "Mungu haui mtu juu ya kitabu," alisema, na sauti yake haikuwa na uhakika wowote. Akakaa karibu nami kuliko siku zote, nikasoma.

Shamba lile liligawanywa, nyumba ikabomolewa. Akina mama wa Alhamisi wamezikwa karibu wote, na duka la vitambaa sasa linauza simu. Cucu mwenyewe ana miaka mingi kaburini. Wiki jana nilinunua ile riwaya ya mzee anayejiuliza. Iko hapa mezani, sijaifungua, na watu wananiambia nisiwe na wasiwasi, madaktari wa siku hizi ni wazuri. Wanasema vizuri. Lakini sina tena mtu wa kuogopa pamoja nami.