Herufi Mbili Nilizozitembeza Karatu

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikitaka kuicheka huwa naangalia kwanza mke wangu yuko wapi. Ulikuwa msimu wa kuvuna ngwara, zile kunde zetu za huku. Ukungu wa kutoka msitu wa Ngorongoro ulikuwa umeshuka mpaka kwenye banda la ng'ombe, nami nilikuwa nimekaa jikoni kwenye kigoda changu karibu na moto, mahali ninapopapenda kuliko pote duniani. Martha, mke wangu, alikuwa anakoroga uji. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeshakuwa kubwa, na jana yake alikuwa amekwenda kliniki mjini Karatu. Akasema, bila kugeuka, kwamba nesi amempima, HB imeshuka, na anataka mimi niende pamoja na ndugu wengine wawili.

Nikasema, "Haya."

Hilo ndilo kosa lote, mwanangu. Ningeweza kuishia hapo ukaondoka na nasaha yako, lakini najua vijana hamwamini kitu kisicho na maelezo, na mimi leo sina pa kwenda. Kwa kweli sijawahi kuwa na pa kwenda. Watu wanapanda ndege kutoka nchi ambazo siwezi kuzitamka ili waje kuchungulia Kreta ya Ngorongoro, na mimi niliyezaliwa hapa jirani yake sijawahi kuteremka ndani. Wenzangu waliniita Mlinzi, kwa sababu ukipita kwetu saa yoyote ulinikuta.

Sasa kwa nini nilisema "haya" na sikusema "sijui"? Sababu ya kwanza ni kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Siku hizi hilo si neno, lakini wakati ule kijijini kwetu nilikuwa mtu. Walikuwa wananiletea mfuko wa mbolea niwasomee, chupa ya dawa ya ng'ombe niwaambie ni kijiko kimoja au viwili. Nikikwama nilikunja uso, nikatazama mbali kama mtu anayekumbuka, halafu nikasema kitu. Walishukuru wakaondoka. Ng'ombe wengi walipona, nadhani kwa nguvu zao wenyewe.

Sababu ya pili ni desturi. Kwetu mwanamume hakuuliza habari za mimba. Mimba ilikuwa na watu wake: mama mkwe, wifi, shangazi, wanawake wa jirani. Mume aliambiwa mtoto amezaliwa, akatafuta mnyama wa kuchinja, akakaa nje na wazee. Martha kunitamkia hata yale machache pale jikoni alikuwa amejikaza sana. Na mimi, badala ya kuona kwamba amejikaza, niliona aibu, nikanywa uji wangu, nikatoka.

Nje nikabaki na herufi zangu mbili.

HB niliijua. Nani asiyeijua? Ilikuwa imeandikwa kwenye penseli zote nilizowahi kutafuna shuleni. Lakini penseli imeshukaje, na nesi inamhusu nini? Nikaenda kwa mwalimu Safari, jirani yetu, nikamuuliza kwa mbali, kama mtu anayepitisha muda tu. Akanieleza vizuri sana. Akasema ipo penseli ngumu na ipo laini, na HB iko katikati, haichani karatasi wala haichafui. Nikauliza kama inaweza kushuka. Akanitazama. Akasema ikianguka chini, ndiyo, risasi yake huvunjika ndani. Nikamshukuru nikarudi nyumbani nikiwa gizani kuliko nilivyotoka.

Basi nikafanya jambo ambalo kijiji kizima kililizungumza: nilikwenda mjini. Mimi Mlinzi, nilivaa viatu nikapanda gari. Martha aliniona nikitoka. Alisimama mlangoni akanitazama hadi nikapotea kwenye kona, na nilifurahi, nikidhani anashangaa ushujaa wangu.

Binamu yangu Paulo alikuwa anafanya kazi mapokezi kwenye loji moja ya watalii, akivaa tai kila siku, kwa hiyo nilijua kwamba kwake herufi hazina mahali pa kujificha. Nilipomuuliza hata hakufikiri. Akasema HB ni half board, yaani mgeni anayelala, anakula chakula cha jioni na cha asubuhi, ila cha mchana anajitegemea, kwa sababu mchana yuko Kreta anaangalia simba. Nikauliza, na ikishuka? Paulo akahema. Akasema imeshuka kweli mwaka huu, msimu mbaya, vyumba viko vitupu. Nikakaa pale kwenye makochi ya wageni nikijaribu kuyaunganisha. Nikawaza labda hospitali imepunguza milo ya wajawazito, na wale ndugu wawili wanaotakiwa ni wa kubeba masufuria. Hata mimi mwenyewe sikujiamini.

Nikaondoka nikapita stendi. Palikuwa na vijana waliokuwa wakiosha magari ya watalii, wanajua Kiingereza cha kila nchi. Nikajifanya nimemsikia mtu akisema HB, nikauliza ni nini. Wakacheka wakakaribia kuangusha ndoo. Wakaniambia HB ni kijana hendsamu, yule ambaye akipita wasichana wanasahau walichokuwa wanasema. Mmoja akanizunguka taratibu, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, akauliza imekuwaje hiyo HB. Nikasema nimesikia imeshuka.

"Kaka," akasema, "hapo hawajakudanganya."

Utacheka, mwanangu, lakini nilijiangalia kwenye kioo cha gari walilokuwa wanaliosha. Nilianza kuhofia kwamba nesi amemwambia mke wangu kitu kuhusu mimi.

Na sasa nikuambie lililo baya zaidi. Kutoka loji hadi stendi nilipita mbele ya lango la hospitali yenyewe alikopimwa Martha. Nesi alikuwa mle ndani, na jibu lilikuwa mle ndani, na wanawake wamekaa kwenye mabenchi uani na kanga zao. Nikaona nitakuwa mwanamume peke yangu pale, nikazidisha mwendo.

Nyumbani Martha hakuniuliza kitu. Alinipa maji ya kunawa, akaniwekea ugali na mnavu, akaenda kulala. Nikadhani amechoka. Siku zilizofuata alichoka zaidi. Alianza kupumzika katikati ya kupepeta ngwara, mkono kiunoni, mdomo wazi kama mtu aliyepanda mlima. Nikamwona anamega udongo wa kichuguu na kuula akidhani sipo. Viganja vyake vilikuwa vimekuwa vyeupe kama vya mtu aliyefua kutwa nzima. Yote niliyaona, na kila nilipoyaona nilifikiria herufi. Nilijaribu hata kuzigeuza, BH. Hapakuwa na msaada.

Halafu jioni moja alikaa chini njiani, kwenye mteremko wa kutoka bombani, na ndoo ikamwagika yote, asiinyanyue. Nilimkimbilia. Alikuwa anahema, hanitazami.

Siku hiyohiyo shangazi yangu Theresia alikuwa amefika kutoka Mbulu kuja kumsaidia hadi ajifungue. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kunigombeza nikiwa mtoto kwa sababu hakuhitaji, alikutazama tu. Alimkalisha Martha karibu na moto, akamshusha kope la chini kwa kidole gumba, akachungulia. Halafu, mbele yangu, jambo ambalo wanawake wa kwetu hawakulifanya, akaniuliza nesi alisema nini.

Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba sikulala. Nikamweleza kila kitu: mwalimu Safari na ugumu wa penseli, Paulo na milo yake, hadi wale vijana wa stendi, ingawa sehemu ya kioo niliiruka. Nikamwambia bado naendelea kuchunguza. Shangazi alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Mwalimu umemuuliza," akasema. "Paulo umemuuliza. Waosha magari umewauliza. Huyu mwenye mwili, baba, umemuuliza lini?"

Nikainama nikasukuma ukuni motoni. Martha ndiye aliyezungumza, akiwa amenipa mgongo.

"HB ni damu. Nesi alisema yangu imepungua sana, na nikijifungua hivi naweza nisiamke. Alitaka mje mchangie." Akajivutia kanga mabegani. "Ulisema haya. Nikajua umeelewa. Nikakuona umevaa viatu umekwenda mjini, nikasema amekwenda hospitali. Ukarudi ukanawa ukala. Nikajua basi, umeamua hivyo."

Mwanangu, nimezeeka, nimezika wazazi wangu wote wawili, nimekosa mvua miaka mingi. Sijasikia maneno mazito kama hayo. Siku zote zile mimi nilidhani ninatafuta maana, na yeye alikuwa amelala kando yangu kila usiku akiamini kwamba mume wake anajua anakaribia kufa na ameona si neno.

Kulipokucha nilikuwa barabarani. Emanuel, kaka yake Martha, alikuwa akisafirisha vitunguu kutoka Mang'ola, na lori lake lilikuwa limelala mjini. Nilimkuta, nikamwambia kwa kifupi, akageuza lori bila hata kumalizia chai. Tukaja tukawachukua, Martha na shangazi wakakaa mbele, mimi nikapanda nyuma juu ya magunia. Paulo tulimpitia mapokezi. Alitoka na tai yake, akasema kumbe ni hiyo, kwa nini sikusema ni ya hospitali. Nilikuwa nimeulizia herufi nikaficha zilikotoka, kila mtu akanipa zile za kazini kwake, nami nikawaona wao ndio wanaonichanganya.

Uani hospitalini wanawake walikuwepo kwenye mabenchi vilevile. Hakuna aliyenitazama. Nilipofika mbele ya nesi, mama mmoja mtu mzima, nikasema, "Samahani dada, mimi sijui HB ni nini." Ulimi ulikuwa mzito kama nimekula ndizi mbichi. Naye akanieleza palepale, huku anafunga mkanda kwenye mkono wa Emanuel, kwamba ni kile kinachoipa damu wekundu wake na kubeba hewa mwilini, na kikipungua mtu anahema na kuchoka kama nilivyomwona mke wangu. Hakucheka wala hakushangaa. Alieleza kama anavyomweleza mtu yeyote, kila siku, anayeuliza.

Tulitoa damu wote watatu. Emanuel akatoka anapiga mluzi. Mimi nilipoona mfuko wa damu umejaa nilihisi dari linateremka, nikaamka nimelazwa na soda mkononi, Paulo ananipepea kwa tai. Wakasema yangu si ya kundi la Martha, atapewa nyingine ya kundi lake na yangu itamfaa mwingine. Kwa hiyo huko Karatu kuna mtu anatembea na damu yangu. Nikisikia kuna mtu hatoki nyumbani kwake, huwa namfikiria.

Martha aliongezewa damu, akapewa na vidonge. Alipojifungua alitokwa na damu nyingi, na nesi yuleyule akatuambia wazi kwamba kwa hali aliyokuja nayo asingevumilia. Alivumilia. Mtoto akawa wa kike, analia hadi ng'ombe wanageuka.

Lakini usidhani yaliishia hapo kwa kukumbatiana. Nilipoingia kumwona, nikaanza kumuuliza maswali, usingizi, maumivu, amekula nini, ana kiu, kama mtu anayelipia yote kwa mkupuo. Aliniacha niulize. Nilipomaliza akasema, polepole kwa sababu hakuwa na nguvu, "Ningekufa, ungekwenda kuuliza stendi kifo ni nini." Akageukia ukutani na mtoto wake. Ilichukua muda mrefu sana kabla hajacheka tena na mimi. Nilistahili.

Basi nasaha ni hii, mwanangu. Nyinyi wa leo herufi zimewajaa kwenye simu na makazini, na kila fani ina zake, na zilezile mbili za daktari utazikuta kwa fundi umeme na kwa mwanasheria zikiwa kitu kingine kabisa. Usione aibu kuchanganyikiwa, mimi nimechanganyikiwa maisha yangu yote na bado nala vizuri. Aibu iko kwenye kuitikia kitu usichokijua. Ukimwitikia mtu "haya" amekuamini; anakwenda kulala akijua mzigo mnaubeba wawili, kumbe yuko nao peke yake. Mtu akikuletea neno lililomsumbua, usilichukue ukakimbia nalo mjini kutafuta maana yake. Kaa palepale, mwambie hujaelewa, mwambie akueleze. Mara nyingi hicho ndicho alichokuja kukitafuta kwako. Na kama desturi inakuzuia kumuuliza mke wako anaendeleaje, ivunje hiyo desturi, sema mzee fulani wa Karatu ndiye aliyekutuma. Waje waniulize mimi. Watanikuta.

Mungu akujalie nyumba ambayo ndani yake mtu anaweza kusema hajui na akabaki na heshima yake. Akupe masikio kwa wale wanaokuambia mambo mazito huku wamegeuka, na akujalie uwaulize wakiwa bado wapo wa kukujibu.