Nafasi Mbele ya Goli

Kuna harufu moja ambayo nikiikuta popote hunirudisha Makole, nikiwa mtoto wa darasa la nne: harufu ya saruji iliyochomwa na jua, majani ya mlenda yanayokauka, na mpira wa kikapu uliochakaa. Mtu aliyekulia kwingine ataona ni mchanganyiko wa ajabu. Sisi tuliokulia jirani na ile sakafu hatukuona ajabu yoyote. Ilikuwa sakafu ya ghala la mzee mmoja wa Kihindi aliyenunua karanga na ufuta kutoka vijijini. Upepo wa Dodoma, ambao hauna adabu hata kidogo, uliezua paa lote msimu mmoja, na mzee akaona hata kuta afadhali zibomolewe. Ikabaki sakafu pana, laini, imelala wazi katikati ya nyumba zetu. Aliwaruhusu kina mama waanike mazao yao hapo. Baadaye vijana wa chuo wakamwomba wasimike magoli mawili, akawaruhusu na wao, na hakujisumbua kueleza nani atampisha nani.

Chuo wakati huo kilikuwa kichanga. Kule mlimani majengo yalikuwa yakipandishwa kila upande, na mahali palipotengwa kuwa kiwanja cha michezo palikuwa bado ni mbigili na mawe. Ndiyo maana timu ya wanaume ya mpira wa kikapu, hii ambayo leo ina jezi za kung'aa na basi lake, ilianzia mtaani kwetu. Wachezaji waliteremka alasiri, wengine kwa miguu, wengine wamepakiana kwenye bodaboda, magoti yamekaribia masikio kwa urefu. Sisi watoto tuliwacheka. Mama hakuwacheka, aliwapa mafagio. Sheria ya sakafu aliitunga yeye, na wala hakuna aliyemchagua: asubuhi ni ya uwele, alasiri ni ya mpira, na anayeitaka alasiri yake aje kwanza asaidie kuanua. Basi ungeyaona yale mapande ya watu, watoto wa Dar es Salaam na Mwanza wanaosomea sheria na uhandisi, yameinama yakikusanya uwele wa mama yangu na kuujaza kwenye magunia kabla ya kufunga kamba za viatu. Mwanzoni walinung'unika. Baadaye wakawa wanabishana nani anajua kupepeta.

Aliyejua kweli alikuwa mmoja tu. Kapteni wao, Issa, alikuwa mtoto wa mkulima wa milimani Kondoa, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini, na mwaka ule ndio alikuwa anamaliza chuo. Siku ya kwanza aliuchukua ungo mikononi mwa mama bila kuelekezwa, akapeperusha makapi upande wa upepo kama mtu aliyeanza kazi hiyo kabla ya kujua kusoma. Mama akamtazama, akasema, "Huyu amelelewa." Tangu hapo Issa akawa wa nyumbani. Tulikuwa wawili tu, mimi na mama, tangu baba afariki, na shamba alilotuachia nje ya mji ndilo lililotulisha mwaka mzima. Sisi tulikuwa watu wa kanisani, lakini siku ya kuku mama alimpeleka yule kuku kwa jirani Mwislamu akachinjwe huko, ili Issa ale bila wasiwasi. Nami nilimpenda kaka Issa kwa pendo lile la mtoto ambalo halijui kujificha. Alikuwa akininyanyua hadi karibu na goli nirushe mpira, na kila nilipokosa aliniambia jambo lile lile: "Nyemo, usiuangalie mpira. Angalia mahali unapotaka ufike."

Msimu ninaousema, timu ilikuwa imebakiza mchezo mmoja. Wakishinda, wanakwenda kwenye mashindano ya vyuo vyote, Dar es Salaam, ambako makocha wa klabu kubwa huja kutafuta wachezaji. Issa alishaahidiwa kwamba kuna kocha mmoja atakuja kumwona. Kwa wenzake wa miaka ya chini kungekuwa na mwaka mwingine. Kwake hakukuwa na mwingine. Mtaa mzima ulilijua hilo, mpaka wauza vitumbua. Mama naye alikuwa na hofu yake. Alikuwa ameugua malaria wakati wenzake wanavuna, kwa hiyo uwele wetu ulichelewa kupurwa, na siku ya mchezo ulikuwa ndio kwanza umeanikwa, wote, kwenye ukanda wa sakafu uliobaki nyuma ya goli la upande wa nyumba yetu. Hakuna aliyeona tatizo. Mvua zilikuwa zimeshaaga, na kiangazi cha Dodoma tunakijua: kikiingia kimeingia.

Wageni walikuja na basi, wakatuangalia sisi, wakaangalia uwele, wakacheka. Mchezo ulikuwa mkali tangu mwanzo. Nakumbuka vumbi, nakumbuka viatu vikilia kwenye saruji, nakumbuka wanafunzi wakiimba nyimbo zilizomfanya mama azibe masikio yangu. Zilipobaki dakika chache timu yetu ilikuwa mbele, na Issa alikuwa anacheza kama mtu anayejua anaangaliwa kutoka mbali. Hapo ndipo upepo ulipogeuka. Lilikuja wingu moja tu, jeusi, upande wa milima, na kabla hatujaamua kama ni la kweli matone makubwa yakaanza kupiga sakafu. Watazamaji walikimbilia vibarazani. Mwamuzi akaitazama saa yake, akasema zimebaki dakika chache, mchezo unaendelea. Mama alishafika nyuma ya goli. Alikuwa amepiga magoti, anazoa uwele kwa viganja na khanga, na mimi pembeni yake nalia huku nashikilia gunia ambalo halikutaka kufunguka.

Issa alikuwa na mpira. Nilimwona akisimama. Alimtazama mama, akalitazama wingu, akainama na kuuweka mpira chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akakimbia. Hakumwita mwenzake yeyote, ila wenzake walimfuata wote, hata wa kutoka Dar es Salaam, wakapita chini ya goli na kuanza kufanya walichofundishwa na mama alasiri zote zile: huyu ufagio, huyu ungo, yule mdomo wa gunia. Mwamuzi alipiga filimbi. Akasubiri, akapiga tena. Halafu akawapa wageni ushindi, na wageni walipokwisha kupewa wakaja na wao, wakabeba magunia mpaka barazani kwetu. Uwele uliolowa haukujaa hata ndoo.

Mvua yenyewe haikudumu hata muda wa kuchemsha chai. Jua lilitoka tena, sakafu ikafuka mvuke, ikakauka, na basi la wageni lilikuwa bado linajaribu kugeuka kwenye kichochoro chetu. Kocha wa timu yetu, mtu mwenye hasira za karibu, alisimama mbele ya Issa.

"Umeacha mchezo kwa sababu ya chakula cha kuku?"

"Kocha, kwetu uwele ukinyeshewa sakafuni, nyumba hiyo inakula nini mpaka msimu mwingine?"

"Na wewe je? Wewe utakula nini?"

Issa alikaa juu ya gunia letu, jezi imemganda mgongoni, akawa anatoa punje za uwele kwenye soli za viatu vyake, moja moja. Jioni ile mama alipika ugali wa uwele na mlenda kwa timu nzima, wakala wamekaa barazani. Mama alimwambia, "Mngeendelea tu, mwanangu." Issa akanawa mikono, akasema, "Ningechezaje, mama, nakuona umepiga magoti?" Mama akaingia ndani na kukaa huko muda mrefu. Mimi nilijua analia, na nilijua pia hataki ijulikane.

Mwaka ule ule Issa alimaliza chuo akarudi Kondoa kufundisha. Kocha wa klabu kubwa hakumwona kamwe. Siku ya kuaga alituahidi atakuja msimu ujao acheze na vijana, na mama akalichukua neno hilo kama lilivyo. Msimu uliofuata timu ilipata kiwanja chake mlimani na haikuteremka tena. Sakafu yote ikawa ya kina mama, na uwele ungeweza kuenezwa kutoka ukingo hadi ukingo. Lakini mama alipoanika, aliacha sehemu mbele ya goli, pana kama chumba, akaifagia ikawa tupu. Nilimuuliza kwa nini anapoteza nafasi nzuri vile. "Issa akija, atapata wapi pa kurushia?" Alifanya hivyo kila kiangazi, hata wavu ulipooza na ringi ilipopinda, na majirani wakazoea, wakawa nao wanaizunguka sehemu ile bila kuuliza.

Issa hakuja mpaka kwenye msiba wa mama. Alikuwa ameota kitambi na mvi kidogo. Kilikuwa kiangazi, na jirani yetu alikuwa ameanika uwele wake vile vile, mbele ya goli pako wazi. Nilipomweleza ile nafasi ilikuwa ya nani, alivua viatu akaenda kusimama pale katikati, mikono mitupu, akalitazama goli mpaka walipomwita kwenda makaburini.

Leo pale sakafuni pana jengo la vyumba vya kupangisha, na mlenda nanunua sokoni uliokwisha kusagwa. Mimi nafanya kazi chuoni, na jioni nyingine napita kwenye ukumbi mpya wa michezo, wenye paa ambalo hata upepo wetu haujaliweza. Siku walipoufungua, kijana mmoja alisoma historia ya timu, akafika mwaka ule: walipoteza kwa kuondoka uwanjani. Watu wakacheka, na mimi nikaumia. Ni ukumbi mzuri, siwezi kuusema vibaya. Sakafu ni ya mbao, inang'aa, na mbele ya kila goli wamepaka rangi sehemu moja tofauti na nyingine zote, pana kama chumba. Vijana wanaikanyaga wakienda na kurudi. Mimi nakaa juu kabisa, siuangalii mpira. Namtamani mama yangu, na naangalia pale mbele ya goli, na machoni mwangu nafasi imefagiwa, bado haina mtu.