Fotoni Ndani ya Kioo

Nilikuwa nimefundisha fizikia miaka sita katika shule moja ya wasichana mjini Homa Bay, na muda huo wote binti yangu alikuwa akilelewa na mama yangu kwetu Uriri. Mtoto akinipigia simu aliniita "auntie wa Homa Bay". Watu walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikajifungia jikoni nikalia. Kwa hiyo shule moja ya karibu na kwetu ilipotafuta mwalimu wa fizikia, niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Mwalimu mkuu wake, naye mtu wa fizikia, akasema kwanza atakuja kuniona nikiwa darasani.

Kila mwalimu anajua jinsi mgeni wa darasani anavyoandaliwa. Siku mbili kabla, niliwafundisha wasichana wangu somo lilelile kwa maswali yaleyale, nikawapa sheria ya zamani: nikiuliza, wote mnainua mikono. Anayejua ainue wa kulia, asiyejua ainue wa kushoto. Mgeni anaona darasa zima la werevu, mwalimu anajua pa kuchagua. Ni udanganyifu mdogo, na mimi mwenyewe niliushiriki nikiwa mwanafunzi huko Rongo.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto na mabati yalikuwa yakilia juu yetu. Chumba kilijaa, ikabidi kiti cha mgeni kiegemezwe mlangoni. Madirisha yana vyuma. Hata ningetaka kutoka, ningelazimika kumwomba yeye anipishe.

Somo lilikuwa nishati ya fotoni, ile chembe moja ya mwanga. Nikaandika ubaoni milinganyo miwili. Wa kwanza unazidisha namba ya kudumu, h, kwa idadi ya mitikisiko ya mwanga katika sekunde moja. Wa pili unazidisha h kwa kasi ya mwanga, kisha unagawanya kwa urefu wa wimbi. Nikauliza maswali yangu, mikono ikainuka, nikachagua ya kulia, majibu yakaja kama maji ya mfereji. Nilianza kujiona niko nyumbani.

Ndipo mgeni akatoa daftari kuukuu mfukoni. "Madam, niruhusu niwape swali moja tu," akasema. "Mwanga uko ndani ya glass. Wavelength yake humo ndani ni nanometa mia nne. Refractive index ya glass ni one point five. Energy ya photon moja ni ngapi?"

Swali hilo hatukulifanyia mazoezi. Mikono ikainuka yote kwa utiifu, na yote ilikuwa ya kushoto, isipokuwa mmoja kule nyuma. Ulikuwa wa msichana mpole ambaye huongea kama anayeomba radhi. Sikuthubutu kumchagua, nikihofia atakosea mbele ya mgeni. Nikasema nitawaanzishia, nikageukia ubao.

Mwanga ukiingia kwenye kioo hupunguza kasi na wimbi lake hufupika, vyote kwa kiwango cha ile one point five, lakini mitikisiko yake haibadiliki, wala nishati yake. Ukichukua wimbi lililofupishwa na kioo ukalitia kwenye mlinganyo wa pili pamoja na kasi ya mwanga nje ya kioo, unapata nishati isiyokuwapo. Nilianza kuandika mlinganyo wa kwanza. Nikamsikia mgeni akiguna.

"Madam, si umepewa wavelength? Tumia hiyo ya pili. One point five ni ya kuwapoteza tu."

Chaki ilibaki hewani. Nilijua amekosea, na nilijua yeye ndiye atakayeandika barua ya kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikafuta kwa kiganja, nikaandika mlinganyo wa pili, nikapata jibu lake. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Madam, samahani," msichana wa nyuma akasema, mkono bado juu. "Hiyo wavelength imefupishwa na glass. Frequency ndiyo haibadiliki."

Mgeni hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Keti," nikasema. "Umechanganya mambo. Tumemaliza."

Wenzake wakacheka. Saa sita mgeni alinipa mkono na kuniambia nifike Jumatatu kuchukua barua.

Nilipata nilichotaka. Siku hizi nalala Uriri na binti yangu ananiita mama, na sitasema uongo kwamba furaha hiyo ni ndogo. Lakini bosi wangu hutoa swali lile kwenye mtihani kila mwaka, na mimi ndiye ninayesahihisha. Nikifungua mdomo leo, ataniuliza kwa nini sikusema siku ile. Basi naweka alama za vyema kwenye jibu lake, na kila nikimkosesha mtoto aliyepata, najichukia.

Hata hivyo kinachonikosesha raha zaidi ni asubuhi iliyofuata somo lile. Niliwahi darasani, nikaomba daftari la yule msichana. Alikuwa ameandika hesabu yake yote, safi, na jibu lililo sahihi. Kisha alikuwa ameikata kwa rula, mistari miwili, na chini yake akanakili ya kwangu.

Nikamwita nje barazani. "Yako ndiyo sahihi," nikamwambia. "Ya ubaoni ilikuwa makosa."

Akalichukua daftari lake. "Madam, jana ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Akafungua ukurasa mpya, akalilaza daftari juu ya ukuta mfupi wa baraza. "Sasa kwa mtihani niandike gani?" akauliza.

Hakuwa akinikejeli. Alikuwa ameshika kalamu, akingoja nimwambie.