Tumbili Aliyevunja Vigae vya Bi Zuhura

Jamani, tangu Jumatatu naingia nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Nyumba ninayopanga hapa Malindi ni ya zamani. Mvua ilipoanza kunivujia kitandani, mwenye nyumba, Bi Zuhura, alileta fundi. Fundi akasema vigae vya mgongo wa paa vimevunjika, na kuvibadilisha ni elfu thelathini.

"Elfu thelathini! Kwa vigae sita?" Bi Zuhura akauliza.

"Vya aina hii havitengenezwi tena," fundi akajibu. "Na aliyevikanyaga ni mzito."

"Ni tumbili, Mama!" nikadakia kabla sijaulizwa. "Hata ndara yangu moja waliiba mwezi jana!" Nikaapa mbele ya majirani.

Fundi akapanda tena. Alishuka na ndara ya buluu, ameikuta imekwama kwenye vigae vilivyovunjika. Ndipo nilipokumbuka siku ile ya mpira, nilivyopanda paani kugeuza dishi la televisheni, nikashuka mbio niliposikia kuna penalti.

Bi Zuhura akaitazama ile ndara, kisha akaitazama miguu yangu: kulia buluu, kushoto nyekundu.

"Basi, mwanangu," akasema taratibu, "mwambie huyo tumbili fundi anangoja pesa zake."