Santuri Iliyoanikwa na Maharage

Huku kwetu Kwai jua likitoka baada ya wiki mbili za ukungu, hakuna mwanamke anayekaa chini. Unatoa mablanketi, magodoro, viatu, maharage, hata vitabu vya nyimbo za kanisani, vyote vinaanikwa. Mvivu wa kuanika hapa ana jina lake, na silisemi. Basi Jumanne ile nilitoa nje kila kilichoota kuvu, na kati ya hivyo ilikuwemo santuri ya mume wangu. Niliiosha kwa sabuni, nikaifuta kwa kanga, nikailaza juu ya bati la banda pamoja na maharage. Tena nilijisifu. Nikasema leo mzee atajua ana mke.

Santuri yenyewe ilikuwa moja tu, na ilikuwa inasubiriwa. Jumamosi tulikuwa na shukrani ya miaka hamsini ya ndoa, na binti yetu anayefundisha Tanga alikuwa anakuja na mashine ya kupigia santuri, maana ya kwetu ilikufa zamani. Wajukuu walikuwa wameahidiwa kumsikia babu yao akipiga gitaa. Hawakuamini hata kidogo. Wao wanamjua babu wa gambuti na ndoo ya maziwa. "Babu, gitaa ulikuwa unampigia ng'ombe?" wanamtania. Ni mimi niliyewaambia wangoje Jumamosi, watafunga midomo.

Naomba nieleweke. Miaka ile ya sabini mwanzoni, muziki wa dansi haukuwa jambo dogo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na watu waligombania mitindo kama wanavyogombania mpira leo. Tarumbeta zikilia redioni asubuhi, unafua nguo huku kiuno kinakwenda chenyewe. Na nyimbo zilikuwa na subira. Kwanza mwimbaji anakusimulia kisa chote, mke kaondoka, barua haikujibiwa, rafiki kamgeuka. Halafu maneno yanakoma, magitaa yanapokea, na hapo ndipo vumbi linapotimka. Siku hizi wimbo unaisha kabla sijapata miwani yangu.

Mimi nilikuwa nimepelekwa Muheza kwa shangazi nijifunze cherehani. Baba yangu, mzee wa kanisa hapa Lushoto, Mlutheri wa kweli kweli, aliamini kila Jumapili mchana niko mazoezi ya kwaya. Nilikwenda, sikatai. Mara mbili. Jumapili nyingine zote nilikuwa kwenye bugi, dansi la mchana la vijana, nimevaa gauni nililolishona mwenyewe na upindo haujakaa sawa. Bendi ya wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Bulwa ilikuwa inashuka na lori, vijana wamevaa bugaluu, suruali pana za kufagia sakafu, na viatu vya raizoni vyenye soli nene mpaka kushuka garini ilikuwa kazi. Mpiga gitaa la solo alikuwa mwembamba, hainui macho, anaangalia vidole vyake tu. Nikasema huyu. Haki ya Mungu, nilisema hivyo hivyo, huyu.

Baba aliposikia posa inatoka kwa mtu wa bendi, nyumba haikukalika. Akasema mshenga peke yake hamtaki. Kijana mwenyewe aje akae mbele yake amwone. Siku akaipanga yeye. Na mzee wa Kisambaa wa zamani akishapanga siku ya kupokea posa, haisogezwi. Ukiomba isogezwe, umejikataa mwenyewe. Kijana akaja, shati jeupe, nywele zake za afro amezikata zote. Akaketi tangu asubuhi mpaka saa tisa bila kuulizwa neno. Mimi nachungulia jikoni, roho iko juu. Mwisho baba akasema, "Mghosi, karibu chakula." Mghosi kwetu ni neno la kumheshimu mwanamume, na baba hakuwa mtu wa kuligawa ovyo. Nikajua nimeolewa.

Tulipokuwa na miezi michache ya ndoa, wimbo wa bendi ile ukatoka kwenye santuri, ukapigwa redioni. Weee! Nilivimba kichwa mwaka mzima. Baadaye tukahamia huku Kwai, tukanunua ng'ombe, bendi ikafa kama bendi nyingi zilivyokufa, lakini santuri ilibaki. Watoto wakipiga kelele wimbo ukifika kwenye gitaa, nawakemea: "Shiii! Baba yenu huyo!" Umoja wa wanawake kanisani wote wanajua mume wangu yumo kwenye santuri. Niliwaambia, tena si mara moja.

Sasa rudini juani. Saa nane nilipokwenda kugeuza maharage, nilikuta santuri imejikunja pembeni kama chapati iliyokosewa. Yesu wangu! Nikaichukua, nikaifunga ndani ya kanga, nikaikalia. Mwanamke wa kilo zangu! Haikunyooka. Nikalia kama mtoto, maana nilichokiharibu si kitu cha dukani. Ni mikono ya mume wangu akiwa kijana, na hapakuwa na pengine pa kuisikia.

Akanikuta pale pale, amerudi na majani ya ng'ombe kichwani.

"Mzee wangu, nimekumaliza," nikamwambia. "Santuri yako nimeianika."

Akatua mzigo. Akaichukua, akaigeuzageuza, akaipeleka usawa wa jicho kama fundi anayepima ubao. Halafu akaanza kucheka. Nikajua mshtuko umempanda kichwani.

"Mama, usilie," akasema. "Hilo gitaa si langu."

"Si lako kivipi?"

"Alipiga mtu mwingine, waliyemleta kutoka Tanga. Siku ya kurekodi iliangukia siku ile ile aliyoipanga baba yako. Nilimwomba mkubwa wa bendi asogeze, akasema studio haingoji mtu. Na baba yako naye hangoji mtu. Nikapanda basi la Lushoto."

"Na miaka hamsini umekaa kimya!"

"Nilitaka kusema. Siku wimbo ulipopigwa redioni mara ya kwanza, wewe ulitoka nje ukaita majirani. Ningeanzia wapi?"

Niliwaka. Nilimtupia kanga, nikamwambia amenifanya kituko mbele ya Kwai nzima, nikabeba ndoo nikaenda kukamua mwenyewe. Maneno niliyotaka kumwambia yeye nikamwambia ng'ombe, yote, bila kubakiza. Ndiyo maana kila wimbo ulipofika kwenye gitaa alikuwa anakumbuka kazi bandani! Nikakamua kwa hasira mpaka maziwa yakaisha, na hasira nayo ikaanza kwisha, bila mimi kupenda. Nikakumbuka kwamba tulipooana, kule Bulwa alikuwa anapiga ngoma nyuma ya wenzake. Nilipomuuliza kuhusu gitaa alisema mikono imechoka na kazi ya kiwanda cha chai. Kumbe yule mtu wa Tanga alikuwa amechukua nafasi yake, na mume wangu hakuipata tena. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia makofi mwenzake, ndani ya nyumba yake, miaka hamsini.

Usiku huo nilimpikia bada, ugali wetu wa muhogo, na kisamvu bila kuombwa. Nilikuwa na furaha ya ajabu, nikiwa bado na hasira.

Jumamosi baada ya ibada watu walijaa uani, pilau likaliwa, mchungaji akaongezwa mara mbili. Binti yetu akaiweka santuri kwenye mashine hivyo hivyo ilivyojikunja. Sindano ikaruka, sauti ikapepesuka, wageni wakavunjika mbavu. Halafu, kwa bahati, mahali pa gitaa pakatulia kidogo, likasikika. Mjukuu mkubwa akamgeukia babu yake, safari hii bila utani, akauliza, "Babu, huyo ni wewe?"

Mume wangu akatazama sahani yake. Nikasimama mimi.

"Siyo yeye," nikawaambia wote. "Siku wenzake wanapiga wimbo huu, yeye alikuwa kwetu, ananiomba mimi."